Bathsheba Nyamusi na Chupa Mbili za Dirishani

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, Bi. Bathsheba Nyamusi atavua sare ya uuguzi aliyoivaa kwa miaka thelathini na sita kasoro siku sita. Siku hizo sita amezihesabu mwenyewe. Ofisi ya wafanyakazi ilipomwambia kwamba ingeweza kuzifumbia macho ili cheti chake kisomeke vizuri, alijibu kwamba siku hizo hatazifanyia kazi, kwa hiyo zisiandikwe.

Wengi wetu tunamwita Sista. Wajaluo, ambao ndio wengi hospitalini petu, humwita Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, naye huwaitikia kwa Kijaluo chepesi hadi wagonjwa wapya hugeuka kutazama ni nani aliyesema. Mimi ni mfamasia. Nimefanya kazi naye dirisha kwa dirisha kwa miaka mitatu, na ndiyo sababu nimeombwa kuandika wasifu huu. Byron wa rekodi alinishauri niufanye mfupi na nitie vichekesho. Vichekesho vipo. Ufupi umenishinda.

Alianza kazi Jumatatu tarehe 4 Septemba 1989 huko Rangwe, katika kituo cha afya kilichokuwa na vyumba vinne na tangi moja la maji. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, hajui neno hata moja la Kijaluo. Walimu wake wakawa wanawake waliouza samaki sokoni. Walimfundisha vizuri, lakini walimfundisha lugha ya biashara, na kwa miaka kadhaa hata alipomwambia mtu ameze dawa ilisikika kama anapunguziwa bei ya mbuta. Wagonjwa walizoea. Wengine, anasema, walijaribu kupatana naye wameze nusu.

Ni huko Rangwe alikopewa kliniki ya kifua kikuu, na ni huko alikotengeneza kitu ambacho watu wa Homa Bay na Migori wangemjua kwacho kuliko kwa jina lake.

Dawa za kifua kikuu hubadilisha rangi ya mkojo. Huwa kama soda ya machungwa, na hata machozi hupata rangi. Halina madhara jambo hilo, lakini mwaka 1996 hakuna aliyekuwa amewaeleza watu vya kutosha. Mama mmoja mwenye watoto wanne aliona rangi hiyo, akadhani ni damu, akazitupa tembe zake chooni na hakurudi. Sista alipata habari zake baada ya miezi mitano, kutoka kwa waliotoka kumzika.

Wiki iliyofuata aliomba chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akaiosha, akatia maji na unga wa kidonge kimoja kilichovunjika, akaiweka kwenye dirisha ambapo jua liliipiga. Ikawaka rangi ya machungwa. Kila mgonjwa mpya aliishikishwa mkononi. "Ukiona hii usikimbie," aliwaambia. "Hii ni dawa inapita. Wewe meza, na usiache katikati."

Watu waliacha kukimbia. Kliniki yake ikawa na wagonjwa wachache sana wanaokatiza matibabu, na wageni kutoka wizarani walikuja kuitazama chupa. Alihamia Ndhiwa mwaka 1998, akaibeba. Alihamia Macalder mwaka 2007, akaibeba tena, ikiwa imefungwa ndani ya kitenge. Macalder watu huchimba dhahabu kwa mikono, na vumbi la mawe huwapa kifua kibaya. Sista alivaa gambuti akawafuata mashimoni. Mara ya kwanza wachimbaji walidhani ni afisa wa serikali aliyekuja kufunga machimbo, na mwenye shimo mmoja alijificha nyuma ya mashine ya kusaga mawe kwa saa nzima. Alipotoka, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, Sista alimwambia akohoe.

Alikuja kwetu Migori mwaka 2018. Alipewa chumba kilicho karibu na dirisha la dawa, akaanzisha utaratibu wa Alhamisi. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana huwapigia simu wagonjwa wanaomeza dawa za muda mrefu, za ugonjwa wowote. Haulizi wanaendeleaje, kwa kuwa anasema kila mtu huendelea vizuri. Huuliza, "Leo umekula nini?" Spika ya sikioni ya simu yake iliharibika zamani, kwa hiyo huongea kwa sauti ya nje, na sisi sote tumejua mambo mengi kuhusu omena na sukuma wiki za watu. Byron aliwahi kubandika karatasi mlangoni pake iliyoandikwa "Hoteli ya Sista, Menyu ya Leo." Hakuiondoa. Aliandika chini yake, "Byron anaosha vyombo."

Sasa nifike kwa Nchagwa.

Nchagwa ni mchimbaji wa Macalder, Mkuria, shemasi wa kanisa la Sabato. Mwenyewe ameruhusu jina lake litumike hapa, kwa sharti moja: tuandike wazi kwamba hajawahi kuonja chang'aa wala pombe nyingine. Tumeandika. Mwaka 2015 aliugua kifua kikuu, akatibiwa na Sista, akashikishwa chupa, akamaliza dawa bila kuruka siku, akapona. Yeye na mkewe, Bhoke, wanaamini kwamba Mungu ndiye aliyemponya na Sista ndiye aliyetumwa.

Mwezi Januari 2023 alikuja hospitalini kwetu kwa sababu ya kucha za miguu. Mtu anayesimama kutwa ndani ya maji ya shimo hupata fangasi, na kucha zake zilikuwa nene, za kahawia, zikimchoma ndani ya gambuti. Tabibu wetu Joash alimwandikia vidonge vya kuua fangasi, kimoja kwa siku kwa miezi mitatu. Dawa hii huwasaidia wengi. Mara chache sana huumiza ini, na kwa sababu ya hizo mara chache Joash aliagiza ini lipimwe kwanza. Wiki hiyo maabara ilikuwa imeishiwa kemikali za kipimo hicho. Tukakubaliana aanze dawa, arudi kupimwa ndani ya wiki mbili.

Mimi ndiye niliyekuwa dirishani. Nilikuwa na miezi saba kazini. Nilipaswa kumpa vidonge vya wiki mbili ili arudi apimwe. Nilimhurumia safari ya kutoka Macalder, nikampa vyote themanini na vinne. Kisha nikamsomea maonyo kwa Kiswahili changu cha chuo: ukikosa hamu ya kula, ukijikuna mwili mzima, macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi, uache dawa urudi hospitalini mara moja. Nchagwa alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Ndiyo, daktari." Niliweka alama kwenye kisanduku kinachosema mgonjwa ameelezwa. Alama hiyo ipo kwenye faili mpaka leo, na imenyooka vizuri.

Hakurudi kupimwa. Katikati ya Februari Sista alimpigia, simu ikawa imezimwa. Alimpigia tena Alhamisi tarehe 2 Machi, wiki ya tano. Nilikuwa nikipanga masanduku upande wa pili wa ukuta.

"Nchagwa, habari ya huko?"

"Nzuri, Sista. Tunasukuma tu."

"Leo umekula nini?"

"Nimekula."

"Sijauliza kama umekula."

"Uji."

Hapo sauti ya mwanamke ikaingia kwa nguvu. "Sista, huyu anakudanganya! Hiyo uji ni kuku walikunywa. Wiki mbili hataki chakula, ati kila kitu ni chungu. Anajikuna mpaka kitanda inalia. Na watu ya shimo wanamcheka, ati ameanza kuficha dhahabu kwa macho."

"Kuficha nini?"

"Macho imekuwa njano, Sista. Njano kabisa."

"Mrudishie simu, Bhoke. Nchagwa, mkojo uko rangi gani?"

"Hiyo iko sawa."

"Nimeuliza rangi."

"Kama strungi." Alimaanisha chai kavu, isiyo na maziwa. "Lakini sikushtuka. Ule msichana wa dawa alisema ati nikiona hivyo nirudi, nikaona huyu bado ni mdogo, hajui. Si wewe ulitufundisha? Dawa inapita."

Niliacha kupanga masanduku. Kwenye spika niliwasikia kuku wa Bhoke.

"Nchagwa," Sista akasema, "hiyo dawa usimeze tena. Hata moja."

"Lakini zimebaki nyingi, Sista. Arobaini na tisa."

"Zibaki."

"Si ulisema tusiache katikati?"

"Nilisema. Leo nakwambia uache. Bhoke, chukua hizo tembe zote uziweke kwa mfuko wako, mpande pikipiki mje sasa hivi. Asivae gambuti, avae ndara. Nataka kuona miguu pia."

Alikata simu. Alitoka chumbani, akapita dirishani kwangu bila kunitazama, akaenda maabara kuhakikisha kwamba safari hii kemikali zipo.

Walifika saa kumi na nusu. Sitaeleza sana hali yake, ila niseme kwamba utani wa watu wa shimo haukuwa umetia chumvi. Majibu ya damu yalionyesha ini limeumia, kipimo kikiwa zaidi ya mara ishirini na tano ya kiwango tunachokubali. Vipimo vya homa ya ini vilikuwa safi. Joash alimuuliza kuhusu pombe mara tatu. Mara ya tatu Nchagwa alimuuliza kama anatafuta mtu wa kunywa naye.

Daktari Orina, msimamizi wetu, aliwapigia mabingwa wa hospitali kubwa. Walisema tumefanya lililo muhimu, yaani kuacha dawa, na kwamba hakuna dawa nyingine ya kulirudisha ini. Litajirudisha lenyewe au litashindwa. Tuangalie mambo mawili kila siku: damu inachukua muda gani kuganda, na akili yake iko sawa au imeanza kupotea. Akianza kuchanganyikiwa, apakiwe kwenye ambulensi saa hiyo hiyo.

Sista aliomba apewe jukumu la akili. Watu wengine wangeuliza leo ni tarehe ngapi na gavana ni nani. Yeye alileta stuli, akaketi, akamwambia Nchagwa amtajie ng'ombe wake kwa majina. Siku ya kwanza aliwataja saba: Madoa, Sirikali, ambaye hula hata visivyo vyake, na wengine watano. Siku ya pili saba. Siku hizo mbili damu ilizidi kuchelewa kuganda, na asubuhi ya tatu majibu yalikuwa mabaya kuliko yote. Sista alikuja wodini na karatasi hiyo mfukoni. Nilikuwa nimeleta dripu na sikuondoka.

Nchagwa alitaja ng'ombe wanane.

"Saba," Bhoke akasema. Akamgeukia Sista. "Sista, ni saba. Yule Jumanne tuliuza Januari."

"Hatukuuza," Nchagwa akasema, macho amefumba.

"Tuliuza!"

"Nilimpatia ndugu yangu akamue. Bibi yake amejifungua."

"Ulimpatia? Na ukaniambia umeuza?"

"Nilikwambia ameenda. Kuuza ulisema wewe."

"Nchagwa! Ng'ombe yenye maziwa?"

Sista alikuwa bado ameshika kalamu. Aliomba namba ya ndugu, akatoka ukumbini, na kwa ile simu yake isiyo na siri wodi nzima ikasikia kwamba ng'ombe anayeitwa Jumanne yupo, ni mzima, na anatoa lita nne. Alirudi akaandika kwenye faili. Nililisoma baadaye: "Mgonjwa ana akili timamu. Mke ana hasira."

Siku ya nne majibu hayakuzidi kuwa mabaya. Siku ya sita yakawa bora kidogo. Aliruhusiwa baada ya siku kumi na tisa, na ilichukua miezi minne hadi macho yakawa meupe na ini likarudi kwenye kiwango. Kucha zake ziko vilevile. Joash alipomuuliza kama angependa tuangalie njia nyingine, alisema, "Hizo ziache tu, zimenizoea."

Ningeishia hapo kama huu ungekuwa wasifu wa muuguzi aliyepiga simu kwa wakati. Lakini Sista hakuona hivyo, na mimi siwezi kumwandika tofauti na anavyojiona.

Hospitali ilipaswa kupeleka ripoti ya madhara ya dawa. Daktari Orina aliiandika na kuisoma kwenye kikao cha Jumanne: jina la dawa, kemikali zilizoisha, idadi ya vidonge vilivyotolewa. Joash alisema makosa ni yake, alipaswa kungoja. Mimi nilisema ni yangu. Sista alituacha tumalize, kisha akauliza mbona chupa haimo.

"Chupa si lazima, Sista," Daktari Orina akasema. "Ulifundisha sawasawa. Vitabu vinasema hivyo hivyo."

"Vitabu havikwenda Macalder, Daktari. Nilikwenda mimi."

"Umebakiza miaka miwili. Hii karatasi itaenda kaunti, itakaa kwenye faili lako. Unataka ustaafu nayo?"

"Nataka iwe kamili."

Ni kweli kwamba katika miaka yote hiyo aliwaambia wagonjwa wake pia kuhusu macho ya manjano. Tuliwauliza baadaye, na wengine walikumbuka kidogo. Lakini neno hupotea, na chupa waliishika kwa mkono. Aliomba karatasi akaandika aya yake hapo hapo mezani. Ina sentensi nne. Ya tatu inasema: "Nilifundisha wagonjwa rangi moja, nikawaacha waamini ni rangi zote."

Siku iliyofuata nilimfuata chumbani. Nilitaka kumwambia kuhusu kile kisanduku, kwamba maneno yote nilisema, na kwamba tangu siku ile silali vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulipomaliza kusema, yeye alisema nini?"

"Alisema ndiyo, daktari."

"Basi hukumsikia. Ulijisikia wewe." Alinivutia kiti. "Siku nyingine usiulize kama ameelewa. Mwambie akueleze wewe, kama unamtuma kwa mke wake. Utasikia mambo."

Nimesikia mambo. Tangu wakati ule hakuna anayeondoka dirishani kwangu kabla hajanisimulia atakavyomeza na kitakachomrudisha. Foleni imekuwa ndefu, na watu hulalamika kwa Byron, ambaye huwaambia wanasubiri mtihani wa mdomo.

Na dirishani kuna chupa mbili. Ya kwanza ni ileile ya rangi ya machungwa. Ya pili ina strungi kutoka jikoni, kavu kabisa. Sista huwashikisha watu zote mbili, moja kwa kila mkono. Hii, na unameza dawa ya kifua, endelea. Hii, dawa iwe yoyote, ya kifua, ya fangasi, ya sokoni, acha na uje leo. Strungi hubadilishwa kila Jumatatu maana ikikaa huota ukungu, na Joash anasema haifai kufundisha madhara ya dawa ya fangasi kwa chupa yenye fangasi.

Wagonjwa wapya walikuwa wamepata suluhisho. Wa zamani walibaki. Watu wote aliowashikisha chupa moja, tangu Rangwe, walikuwa bado wanatembea na somo lile, wakiwa tayari kuona mkojo wa strungi na kuendelea kumeza. Sista alikuwa na madaftari yake ya kliniki tatu. Aliomba ruhusa, akayapitia, akapata majina mia tatu na arobaini.

Jumamosi ni Sabato yake. Kwa hiyo kwa miaka miwili na miezi kadhaa, Jumapili zake zimekuwa za majina hayo. Wenye simu aliwapigia. Wasio na simu aliwafuata. Wengine alikuta makaburi, akasimama, akawasalimia waliobaki, akawafundisha wao. Wachache walivuka mpaka kwenda Tanzania, akawatumia ujumbe kupitia kwa jamaa zao. Mara nyingi nilikwenda naye kubeba kikapu cha chupa, na ninakumbuka zaidi ya yote ziara ya Rangwe kwa mzee aitwaye Ochieng, aliyetibiwa mwaka 1997. Alifurahi mno. Alimchinjia kuku kabla hatujaeleza tulichojia. Sista alipoeleza, mzee alicheka.

"Ah, Nyar Kisii, hiyo ya dawa inapita? Hiyo siwezi sahau. Nimefundisha kanisa nzima!"

Nilimtazama Sista. Alikuwa amebeba hesabu ya watu mia tatu na arobaini kwa mwaka mzima, akiwafuta orodhani mmoja mmoja, na sasa kila mmoja wao alikuwa na kanisa. Aliweka kikombe chini.

"Mnaomba saa ngapi?" akauliza.

"Leo? Tumemaliza, lakini wako hapo nje wanapiga domo."

"Basi waite."

Wakaja, kama watu sitini, wakasimama uani kwa mzee wakiwa na nguo zao za ibada. Mama mmoja aliuliza kama strungi ni ya kunywa. Kabla hatujaondoka, kila mmoja alikuwa amezishika chupa zote mbili na kumwambia jirani yake atakachofanya akiona ile ya pili. Tangu siku hiyo Sista hakufundisha mtu mmoja tena kama angeweza kupata ua mzima. Amesimama sokoni Ndhiwa kati ya wauza nyanya. Amesimama juu ya lundo la mawe Macalder, na Nchagwa kando yake akiwavulia viatu wachimbaji ili waone kucha zilizomfikisha pale, na kuwataja kwa majina wale waliomcheka kuhusu dhahabu.

Hadi ninapoandika, amepata habari za watu mia tatu ishirini na tisa. Wamebaki kumi na mmoja.

Nilimwomba hayo majina mwezi Juni. Alikataa. Alisema ni yake. Nilimwomba tena Julai, akasema ataendelea nayo nyumbani, kwa kuwa kustaafu hakumzuii mtu kupanda gari Jumapili. Sikubishana naye, nilijua nitashindwa. Lakini Jumatatu iliyopita, nilipokuwa nikimwaga strungi ya wiki iliyokwisha, aliingia, akaweka daftari moja jembamba kwenye meza yangu, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Kila jina lina maelezo aliyoongeza kwa kalamu nyekundu: nani alimwona mara ya mwisho, njia ipi, mlango wa rangi gani, mbwa ana ukali kiasi gani. Nilipomaliza alisema, "Sasa nieleze utafanya nini." Nikamweleza, jina kwa jina, kama ninayemtuma mtu. Alinirekebisha mahali pawili. Kisha akaenda kunywa chai.

Kwa hiyo, wafanyakazi wenzangu, daftari liko kwenye dirisha la dawa. Tisa kati ya hao kumi na mmoja walitibiwa Rangwe kati ya 1996 na 1998, wawili Ndhiwa. Yeyote mwenye jamaa pande hizo apite anione, na yeyote mwenye Jumapili moja ya kutoa, kikapu ni chepesi.

Sista anahamia nyumbani kwake kwa mumewe, Mzee Mayaka, ambaye amengoja muda mrefu kuwa na mtu wa kumuuliza amekula nini. Ana parachichi, ana kwaya, ana wajukuu watatu ambao wote wanajua tofauti ya rangi. Kwa niaba ya Daktari Orina, Joash, Byron, maabara, wodi zote na watu wa Macalder ambao wameahidi kuja Ijumaa wakiwa wamevaa viatu vilivyofungwa, tunakushukuru kwa kazi yako, na zaidi kwa ile aya ya sentensi nne. Uishi siku nyingi, Sista, uzeeke taratibu na kwa raha. Jumapili hii naanza na jina la kwanza.